Athari za Maji Yasiyo na Haraka

Jumatatu, 25 Novemba

Ukungu mpaka madirishani. Mji wa Franeker haukuonekana kabisa; nimeendesha baiskeli kwa kukisia. Nimefika kazini nina furaha. Haikudumu.

Mkuu wa idara, Hedwig, ametuita wote. Alhamisi ya wiki ijayo linakuja jopo la tathmini. Safari hii hawana haja ya kujua tumeandika makala ngapi. Wanataka kujua athari. Nani, nje ya taasisi hii, maisha yake yamebadilika kwa sababu ya utafiti wetu? Aliposema hivyo alinitazama mimi. Nikatazama biskuti.

Jambo lenyewe ni hili. Hori langu la kioo, mfereji wangu wa majaribio, linachukua ukumbi mzima wa chini. Ni refu kama mabasi mawili yaliyofuatana. Maji yanapita ndani yake taratibu, nazima taa, nawasha mwanga wa leza wa kijani, na chembe nilizotia majini zinang'aa kama vumbi kwenye jua la asubuhi. Kamera inazipiga picha. Mimi najua kila moja inaelekea wapi na kwa kasi gani. Nimefanya kazi hiyo tangu nikiwa na nywele. Fani yangu ni maji yanayokwenda polepole sana. Wenzangu walichagua mafuriko, wakaitwa kwenye televisheni.

Asiye na athari atanyang'anywa nafasi. Hori litavunjwa, ukumbi atapewa Floor Wassenaar, anayepima mwendo wa damu moyoni. Floor ana wagonjwa. Wagonjwa wanamletea keki. Mimi halijatokea tone la maji likanishukuru.

Nimekaa na hori mpaka chakula cha mchana. Chembe zilikuwa zikizunguka nyuma ya jiwe, kama watu waliosahau walikuwa wanakwenda wapi. Mimi pia nikasahau. Mkate wangu na jibini nimeukuta jioni ungali mfukoni.

Mpango: kumtafuta mtu ambaye nimembadilishia maisha. Hawezi kukosekana.

Jumanne, 26 Novemba

Zamani niliunda kifaa cha kupima maji yanayotambaa. Kimoja kilinunuliwa na kituo kimoja cha pampu nje ya mji. Nimekwenda kwa baiskeli. Upepo wa mbele kwenda, upepo wa mbele kurudi. Sijui nchi hii inafanyaje.

Msimamizi ni Sjoukje, mama mwenye mabega ya mpiga makasia. Akanipa kahawa. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama kifaa changu bado kinatumika. Akasema kinatumika kila siku ya Mungu. Nikatoa daftari. Akanipeleka kukiona. Kimeegeshwa kwenye mlango wa chumba cha mitambo ili usijifunge.

Nikauliza kabla ya hapo hali ilikuwaje. Mbaya, akasema. Mlango ulikuwa unampiga mgongoni na kahawa yote inaishia sakafuni. Nimeandika hapo hapo: "Kifaa cha Dakta Tolsma kimeboresha usalama na mazingira ya kazi kituoni." Ametia sahihi bila kinyongo. Kisha akaongeza kwa mkono wake kwamba ni kizito na hakitelezi.

Nimemwonyesha mke wangu. Aafke anafundisha watoto kuogelea, na anaiona kazi yangu kwa jicho la mtu ambaye kazi yake inaeleweka. Akasoma, akarudi kwenye sufuria. Akaniambia yeye tathmini yake ni nyepesi: mtoto hajazama, basi.

Alhamisi, 28 Novemba

Mgonjwa mwingine wa Floor. Mzee wa kutoka Makkum, mashavu mekundu, mkate wa sukari chini ya kwapa. Amekataa lifti, akapanda ngazi kwa miguu ili tuone. Watu wamempigia makofi. Hedwig alifuta jicho.

Floor amenikatia kipande kikubwa kuliko cha wengine. Akaniuliza kama nimesoma makala yake mpya aliyonitumia. Nikasema niko katikati. Sijaifungua. Huwa ananitumia kila anapochapisha, na nia yake naijua: nione picha za mioyo nijisikie mdogo. Mkate ulikuwa mtamu. Hilo nalo limeniudhi.

Baadaye nimemsikia akimwambia mtu kwenye simu, "Hapana, kwa Wiebren siwezi kufanya hivyo." Wiebren ni mimi. Kufanya nini? Nimekaa nyuma ya mashine ya kahawa kusubiri zaidi. Akahamia Kijerumani.

Nimerudi chini, nikazima taa. Nikiwa gizani, chembe zikipita mbele yangu kama theluji iliyobadili mawazo, nikapata mpango mkubwa. Watu hawaoni maji yakienda kwa sababu maji hayana rangi. Basi niyape rangi. Si rangi ya kuchafua. Kitu kinachoelea, kinachoonekana kwa mbali, kinacholiwa. Huu ni msimu wa Mtakatifu Nikolasi, anayewaletea watoto machenza kwa mashua. Maduka yote yamejaa machenza.

Jumamosi, 30 Novemba

Siku ya athari. Nimeandika kichwa hiki asubuhi, nakiacha.

Nimefika daraja la soko na magunia ya machenza. Kamera juu ya mlingoti wa chuma. Mwandishi wa gazeti la mtaa alikuja kweli, mwanamume mwenye mafua. Nikamweleza: nitayamwaga, yatafuata maji mpaka lango la maji, na kila mwananchi ataona kwa macho yake mwendo uliofichika wa mfereji wake. Akauliza kama anaweza kula moja. Nikamruhusu.

Nikayamwaga. Kwa kitambo kidogo ilikuwa kama ndoto. Ukungu mweupe, maji meusi, na machenza yametawanyika yakisogea bila sauti, kila moja na njia yake. Watu kwenye daraja wakainamia ukingo.

Halafu upepo. Machenza yakasimama, yakafikiri, yakageuka. Yote. Yakaanza kurudi kinyume na mahesabu yangu, chini ya daraja, chini ya miguu yangu. Mwandishi akaniuliza kama hivyo ndivyo. Nikamwambia sayansi ina subira.

Kisha watoto. Walishaamini Mtakatifu Nikolasi amepinduka na mashua yake. Mmoja akaanza kulia, wa pili akaona ni jambo la kuigwa. Kina mama wakaniangalia. Ndege weusi wa mferejini wakaanza kudonoa. Na Floor akapita kwa baiskeli, akasimama, akaangalia machenza, akaniangalia, akasema taratibu, "Yote yanaingia kwenye ile kona ya matete. Umeona, Wiebren? Maji yanalala pale."

Kana kwamba mimi sioni. Nimekula machenza mawili kwa hasira.

Jumatatu, 2 Desemba

Gazeti: MACHENZA YAELEA, MTAALAMU ASHANGAA. Picha kubwa ya kona ya matete, machenza yamejikusanya kwenye ukungu kama taa za sherehe iliyokwisha. Mimi naonekana nyuma, mdomo wazi. Hedwig ameibandika karibu na lifti. Sikuuliza kwa nia gani.

Mchana nikaitwa mapokezi. Bibi mfupi, koti la bluu, kikapu kimejaa machenza. Jina lake Wijnanda Postma, anaishi mbele ya ile kona. Ameyavua kwa wavu wa samaki, ameyaosha, amenirudishia. Nikamshukuru, nikageuka kuondoka.

"Mwanangu," akaniita. Nina miaka hamsini na minne. Sikumbuki mara ya mwisho kuitwa hivyo. "Wewe ndiye unayejua maji yanakwenda wapi?"

Nikakubali.

"Na kitu kikitiwa majini, unaweza kusema kimefika wapi?"

Nikasema inategemea ni kitu gani.

"Mume wangu," akasema.

Nikaketi.

Akanieleza kwa utulivu, kama mtu anayeelekeza njia ya kwenda posta. Durk wake alikuwa fundi wa saa. Maisha yote hakutoka Franeker. Bibi alitaka bahari, Durk akasema bahari ina upepo. Alitaka milima, Durk akasema milima inaziba jua. Mwaka huu, mwezi wa nne, Durk akafa. Wakamchoma, wakampa bibi majivu. Asubuhi moja ya mwezi wa tano, kabla majirani hawajaamka, bibi akashuka kwenye ngazi yake ya mferejini akamtia majini, ili angalau safari hii atoke. Kupitia lango la maji, mpaka Harlingen, mpaka baharini. Ruhusa hakuomba kwa mtu. Tangu hapo kila Jumapili anapanda treni kwenda Harlingen, anakaa ukingoni, anazungumza naye.

"Lakini nimeona machenza yako yamekwama mbele ya dirisha langu," akasema. "Sasa nawaza, huenda nimekuwa nikizungumza na bahari tupu."

Nimemwahidi jibu. Nimeahidi pia kutomwambia mtu, kwa sababu ya ruhusa.

Nimetembea kurudi ukumbini polepole. Hatimaye mtu ambaye maisha yake naweza kuyabadilisha. Na jopo linakuja Alhamisi. Nimempa jina la siri: Bi. P.

Jumanne, 3 Desemba

Machenza ni kitu kimoja, majivu ni kingine. Machenza yanaelea, yanasikiliza upepo. Majivu yanazama, yanasikiliza maji. Nimempigia Sjoukje kumuuliza juu ya mwezi wa tano. Pampu ilikuwa imezimwa kwa matengenezo. Maji yalikuwa karibu yamesimama. Kwa watu wengine hilo ni tatizo. Kwangu mimi ni fani.

Nimejenga kona ya bibi ndani ya hori: ukuta wa mfereji kwa vipande vya mbao, matete kwa mirija ya kunywea soda. Majivu nimeyawakilisha kwa unga wa mifupa unaouzwa kwa ajili ya bustani. Muuzaji akaniuliza napanda nini kipindi hiki cha baridi. Nikasema waridi.

Nimemwaga mara ya kwanza. Unga ukashuka kwenye mwanga wa kijani kama pazia, ukasogea kidogo, ukaingia kati ya mirija, ukatulia. Mara ya pili hivyo hivyo. Nimerudia mpaka unga ukaisha. Durk hajafika baharini. Durk hajafika hata kwa jirani.

Hapo ndipo nilipopata wazo nisilojivunia sana, ila ni zuri. Je, nikimwambia bibi kwamba amefika? Atafurahi. Na mbele ya jopo, utafiti unaofika mpaka baharini ni athari kubwa kuliko utafiti unaoishia kwenye matete. Nimechora hata ramani, na mshale mrefu wa bluu.

Nilimwambia Aafke wakati wa supu ya njegere. Bila majina. Akaweka kijiko chini. Akauliza, huyo bibi ataendelea kupanda treni kila Jumapili? Nikasema ndiyo, na furaha zake. Aafke akasema: kwenye baridi hii? Halafu akarudi kwenye supu yake, na supu ikawa na kelele.

Jumatano, 4 Desemba

Bibi amekuja saa ya chai. Nilikuwa nimejiandaa kwa ramani. Lakini aliomba kwanza aone "hiyo mashine". Nikampa kiti changu, nikazima taa, nikawasha mwanga.

Uso wake ulikuwa wa kijani na mdogo. Maji yalipita mbele yake, na chembe ndani ya maji, na kwa muda mrefu tulikuwa watu wawili chini ya kitu kilichopita juu yetu bila kututaka. Akaniuliza kama huwa najisikia mpweke humu. Nikasema nina kazi. Akasema Durk naye alikuwa anajibu hivyo.

Kisha akasema, "Mtie, nimwone."

Nilikuwa nimenunua pakiti nyingine asubuhi. Ramani ilikuwa mfukoni. Nikatia unga. Ukashuka, ukajikunja kidogo, ukaingia kwenye mirija, ukalala. Bibi akauliza, ile mirija ndiyo matete yangu? Nikafungua mdomo niseme bahari. Lakini ule unga ulikuwa umeshalala pale mbele ya macho yake, na kilichotoka ni, "Ndiyo, Bi. Wijnanda. Hakutoka."

Nikasubiri alie. Nilikuwa na kitambaa tayari.

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika kioo cha hori. "Huyu mwanamume," akasema. "Nimempa bahari nzima, yeye amechagua dirisha la jikoni."

Baadaye akajifuta. Akasema basi ile miezi yote alikuwa anaosha vyombo mbele yake. Na yeye alikuwa anaimba wakati wa kuosha vyombo. Aliona haya kidogo. Akauliza kama anaweza kukaa bado. Nikasema nafunga saa kumi na moja. Nimefunga saa moja.

Mpango wa kesho upo pale pale. Kisa cha Bi. P., picha za mirija, wanajopo wanatokwa machozi. Bahari nimeifuta kwa huzuni.

Alhamisi, 5 Desemba

Jopo. Mwenyekiti ni mama mrefu kutoka kusini, uso wa mtu aliyekula mikate mingi ya baridi kwenye mikutano mingi. Floor alitangulia: mioyo, rangi, mzee wa Makkum. Nikaona wanaandika.

Nikawaleta ukumbini kwangu. Nikafungua mlango, na Bi. Wijnanda amekaa kwenye kiti changu. Mapokezi walimruhusu, aliwaambia yeye ni sehemu ya utafiti. Alikuwa na sufu yake, anafuma gizani.

Nikaanza na mlango wa Sjoukje. Mwenyekiti akauliza kama nasema kweli. Nikasema kuna sahihi. Nikapita machenza haraka. Kisha ikaja picha ya Kisa cha Bi. P. Nikamwona bibi anainua kichwa, ananiangalia kwa upole, kama mtu anayekuamini. Nikaruka picha ile. Nimeirukia ya mwisho, iliyoandikwa "Asanteni". Ilikuwa ni kwa sababu za kiufundi, kidole kiliteleza.

Hedwig alitazama viatu vyake. Mwenyekiti akauliza kwa adabu kama hayo ndiyo yote. Nikawaza hori likitolewa vipande vipande kupitia dirishani.

Hapo Floor akasimama. Nikajua sasa anakuja kunimaliza. Akasema damu inayokwenda kasi kila mtu anajua kuipima. Inayoua ni ile inayokwenda polepole, kwenye kona za moyo, mpaka inalala na kuganda. Yeye asingeweza kuiona bila mbinu za Wiebren. Kila makala yake inaanza na jina la Wiebren. Yule mzee wa Makkum anapanda ngazi kwa sababu ya hori hili. Mwezi uliopita hospitali ya Ujerumani ilimtaka aombe ukumbi huu kwa ajili yao, akawaambia kwa Wiebren hawezi kufanya hivyo. "Nimekuwa nikimtumia makala zote," akasema. "Sijui kama huwa anazipata."

Halafu Bi. Wijnanda akaweka sufu chini na kusema mwenyewe. Durk, ngazi, majivu, Harlingen, mirija. Alisema kabla ya kuja hapa alikuwa na mume baharini asiyemjibu, na sasa anaye mbele ya dirisha, hamjibu vilevile, ila yuko karibu. Kama kuna faini ya kutoomba ruhusa atalipa.

Mwenyekiti hakuandika. Aliomba tuzime taa. Tumekaa, jopo zima, Hedwig, Floor, bibi, maji yakipita. Mwanajopo mmoja amesinzia. Mwenyekiti aliniuliza, karibu kwa kunong'ona, zile chembe ndogo kule pembeni zinangoja nini. Nikasema hazingoji. Akasema anazionea wivu.

Jioni Aafke alikuwa ameniandalia zawadi ya Nikolasi na shairi la kunikejeli, kama desturi. Kwa mara ya kwanza nimelisoma mara mbili.

Ijumaa, 13 Desemba

Matokeo. Hori linabaki. Ukumbi unabaki. Jopo limeandika kwamba utafiti wangu una "athari ya kina isiyo na kelele". Hedwig amenipa mkono na kuushikilia.

Nimeketi kuchambua nini hasa kiliwashawishi. Floor na bibi walisaidia, sikatai, kwa kiasi chao. Lakini kwa uchambuzi makini nimegundua ni namna nilivyoruka ile picha. Palikuwa na ujasiri pale. Kiongozi anajua wakati wa kunyamaza. Nimemweleza Aafke hivyo. Akaniuliza, na makala za Floor umeshazisoma? Nikasema mtu akikusifu hivyo hadharani ndiyo wakati wa kuwa macho. Aafke ameenda kuogelea.

Nimeanza mpango mpya. Nitaanzisha tuzo ya kimataifa ya maji yaendayo polepole, kwa jina langu. Mshindi wa kwanza atachaguliwa na jopo huru ambalo nitaliteua. Hotuba ya kushukuru iko tayari, nimejaribu kutokwa chozi mbele ya kioo, bado halishuki kwa wakati.

Mchana bibi alikuja na sufu yake. Haendi tena Harlingen siku za Jumapili. Siku hizi anakuja kwangu siku za Ijumaa, ati maji yangu yana mwanga zaidi kuliko yake. Nyuma yake akaja Floor na vikombe vya kahawa, akaomba kukaa kidogo gizani kwa sababu kichwa kinamuuma. Sababu gani hiyo. Mtu haji kukaa gizani bure. Bila shaka anachunguza, anataka tuzo yangu kabla haijakuwepo. Kahawa yangu ameitia maziwa kiasi ninachopenda. Maana yake amekuwa akinifuatilia muda mrefu.

Nimemsogezea kiti karibu na changu, nipate kumwangalia vizuri. Tumekaa hivyo mpaka giza la nje likafanana na la ndani. Mpaka sasa hajafanya lolote. Wiki ijayo nitamwalika tena.